Jinsi nilivyoshona taa kwenye shanga za wapiga muheme

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma. Kazi zangu ni sare za shule, vitenge vya harusi na kupanua viuno vya suruali za watu walionenepa. Umeme nilikuwa naujua wa pasi na wa kununua kwa tokeni, basi. Kwa hiyo akina mama wa kikundi cha ngoma kutoka upande wa Chamwino waliponijia mwaka jana wakitaka mavazi sita "yanayowaka usiku", niliwaambia nitajaribu, nikapokea na kianzio kabla sijajua ninachokwenda kujaribu. Kile kianzio ndicho kilichonizuia kukimbia.

Walikuwa wamealikwa kupiga muheme kwenye hafla ya usiku, uwanja wa wazi, mwezi wa saba. Kwa asiyeujua, muheme wa Wagogo ni ngoma ya wanawake: ngoma inabanwa katikati ya mapaja, mikono inapiga, mabega yanatikisika na shanga zinaruka. Mchana shanga nyeupe juu ya kaniki zinatosha kabisa, huna cha kuongeza. Usiku kaniki inamezwa na giza, mpiga ngoma anabaki uso na viganja.

Siku ya kuchukua vipimo, mama mkubwa wa kikundi alinishika mkono. "Mwanangu, taa sawa. Lakini usitufanye bajaji."

Nilicheka, lakini nililiandika neno lile kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Kila aliyepita mjini usiku ameziona bajaji zetu, bluu huku, kijani kule, zinapepesa hata zikiwa zimesimama. Kazi yote iliyofuata ilikuwa kulikimbia neno hilo.

Mtoto wa kaka yangu anasoma umeme chuoni. Nilimwita, akaja na kompyuta na maneno mengi. Nilipomwambia naona aibu kuwavalisha watu wazima betri, akanieleza kwamba jambo lenyewe ni la kale. Mwaka 1882, katika ukumbi wa Savoy pale London, mchezo wa kuimba wa Iolanthe ulipoanza kuonyeshwa, waigizaji waliotokea kama viumbe wa ajabu walikuwa na vitaa vidogo kwenye nywele na betri wamezibeba wenyewe. Na mwaka 1956 msanii wa Japani, Atsuko Tanaka, alivaa gauni la balbu na tyubu za rangi, limeungwa kwenye umeme wa jengo. Picha yake alinionyesha. Niliitazama kwa jicho la fundi, sikuona kwapa wala mahali pa kupumulia. Nikamwambia, "Huyu mama alikuwa jasiri. Mimi nataka mtu aweze kukaa chini."

Kilichonitia kiherehere mwanzoni ni uzi wa chuma. Mteja mmoja aliniletea kibunda kidogo kutoka nje. Ni wa kijivu kama uzi mwingine, unapita kwenye sindano, na ukiambiwa umeme unapita humo unaona kazi imeisha. Mpwa wangu akaongeza kuwa mwaka 2007 ulitoka ubao wa LilyPad, yaani kibao kidogo cha umeme cha kuamuru taa za kwenye nguo, uliobuniwa na Leah Buechley wa Marekani, wa mviringo, wenye matundu pembeni ili ushonwe kwa uzi huohuo. Nikasema huyu ni mwenzetu. Lakini ubao huo sikuupata, na uzi ulipopimwa kwa mita ya umeme ulionyesha ukinzani, yaani ubishi wa kupitisha umeme, wa karibu omu 30 kwa kila mita ya urefu. Kijana akachukua chaki yangu akapiga hesabu: robo ampia ikipita hapo inakula volti saba na nusu njiani, na betri yetu ina tano tu. Umeme ungeishia kwenye uzi kabla haujafika kwenye taa. Juu ya hayo mafundo yake yanajifungua, na jasho likizilowesha njia mbili zilizo jirani, zinagusana. Kibunda kipo kabatini mpaka leo.

Tukaagiza Kariakoo, mzigo ukaja kwa basi: ubao wa Arduino Nano, yaani kompyuta ndogo ya kuamuru taa, kwa kila vazi, na mkanda wa taa za LED za aina ya WS2812B, ambazo kila taa inaamriwa peke yake rangi na mwanga. Mkanda mmoja una mita tano, taa 60 kila mita. Taa tulipanga zikae kwenye kola ya shanga, ile inayozunguka shingo na kulala mabegani. Nilikata sentimita 60 kwa kila kola, yaani taa 36. Kila taa ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula miliampia 60, kwa hiyo kola moja ingetaka zaidi ya ampia mbili. Sikutaka nyeupe hata kidogo. Rangi ya moto, tena kwa theluthi ya nguvu, ilishusha matumizi mpaka karibu robo ampia, na pawabanki ndogo ile yenye umbo la lipstiki ikatosha na kubaki. Kijana alikuwa amependekeza seli za betri chakavu za laputopu kwa sababu ni za bure. Nilikataa. Seli ya namna ile bila kinga yake, kwenye mgongo wa mtu anayetoka jasho, sikuwa tayari kuishona.

Sasa waya. Hapa ndipo nilipogundua kuwa ninajua kitu ambacho mwanafunzi wa umeme hajui. Yeye alilehemu vizuri, viungo vinang'aa, mita inalia. Mama mmoja anavaa, anatikisika mara kumi, kola inazimika. Tunafungua, waya umekatika. Tunalehemu tena, unakatika tena. Akawa analaumu lehemu. Nikamwambia lete nione. Waya haukukatika kwenye lehemu wala pale unapopinda. Ulikatika milimita chache baada ya lehemu, pale ugumu unapokutana na ulaini. Shati nalo ndivyo lilivyo: mfuko hauraruki katikati, unararuka kwenye kona, na ndiyo maana tunazikaza kona. Basi nikaanza kukaza viungo kama kona za mfuko. Kila kiungo nilikilaza juu ya kipande cha kanvasi, nikaushona waya wenyewe kwa uzi sentimita tatu mbele ya lehemu, halafu nikauacha ulegee kwa mapindo kama nyoka kabla ya kuingia sehemu inayocheza. Tuliutupa waya mgumu wa uzi mmoja, tukatumia nyaya za chaja za simu zilizokufa, zenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Karibu nyaya zote. Nitarudi hapo.

Jambo jingine ni kiangazi chetu. Dodoma ya Juni na Julai hewa ni kavu, upepo hautulii, na ukivua sweta la nailoni unasikia linatatarika. Mara mbili taa ya kwanza ya mkanda ilikufa tulipokuwa tunaunganisha kola mkononi, na ikifa hiyo zilizoifuata hazipati amri. Mpwa alisema ni cheche za mwilini, au ni kuunga waya wakati umeme umewashwa. Tukaacha vyote viwili: tunagusa mguu wa chuma wa cherehani kwanza, tunazima, ndipo tunaunga. Pia akaweka rezista, kipande kidogo kinachobana umeme, ya omu 330 kwenye waya unaopeleka amri kwa taa. Hakuna taa nyingine iliyokufa, kwa hiyo sikuendelea kuuliza.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa mguu uamuru taa. Akina mama hawa hufunga njuga, nasi tukaficha chini ya njuga kile kisahani cha shaba kinacholia kwenye midoli; ukikigonga kinazalisha umeme kidogo, ubao unausoma, kola inawaka. Kwenye sakafu ya saruji ya duka langu ilikuwa raha tupu. Tukaenda kijijini kwao kwenye uwanja wa mchanga. Mchanga umemeza kishindo chote. Mguu unatua, kola kimya. Tukapunguza kiwango, ikawa hata mtu akitembea kwenda kunywa maji njuga zinamwasha. Na ule waya wa kutoka kifundo cha mguu kupitia goti hadi begani ulikuwa balaa la kipekee, sitaueleza.

Nilikuwa nimekaa juu ya ngoma iliyopinduliwa, nimechoka, mama mkubwa akaja kukaa karibu. Nikamweleza kwamba mguu hausikiki.

"Kwani mguu unaupelekea nini taa za begani?" akaniuliza. "Bega lina kazi yake. Mtazame anayepiga, uone lipi linatangulia."

Nilitazama. Bega linatangulia. Kabla mkono haujashuka, bega limeshasema. Nilikuwa nimekuja na wazo langu la mjini kwamba ngoma ni miguu, na waliokuwa wanaipiga tangu usichana hakuna niliyemuuliza.

Basi tukang'oa kila kitu cha miguuni. Tukaweka kihisi cha mwendo, MPU6050, kifanye kazi kama kile cha simu kinachojua umeigeuza. Kola ikawa inajitegemea: kihisi, ubao na taa juu, waya mmoja tu unashuka mgongoni hadi pawabanki kiunoni. Tatizo la kwanza ni kwamba kihisi kinausikia pia uzito wa dunia, kwa hiyo mama akiinama mbele juu ya ngoma kinadhani ametikisika. Kijana akabadilisha programu isome tofauti kati ya kipimo na kilichotangulia, siyo kipimo chenyewe. Tatizo la pili lilikuwa langu. Nilikishona katikati ya mgongo, ambako kola inaning'inia, kikawa kinasoma kurukaruka kwa shanga badala ya mwili. Nikakihamishia juu ya bega, chini ya mkanda uliobana kama wa sidiria, hapo kikamsikia mtu mwenyewe. Kila kola ikapata kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, maana mtikiso wa bibi wa miaka sitini na ule wa binti wa ishirini haupimwi kwa kiwango kimoja. Msinielewe vibaya, wa bibi ndio uliokuwa mkali.

Kuna kosa moja ambalo sijalijutia. Kwenye mazoezi, wimbo ukifika sehemu ya sauti peke yake, mabega yakitulia na taa zikizimika, kola zilikuwa hazirudi tena. Tulihangaika siku mbili. Kumbe ni pawabanki: ikiona kinachotumika ni kidogo mno inadhani simu imeshajaa, inajizima. Tulipima, taa zikiwa zimezimwa kola nzima ilikuwa inatumia chini ya miliampia 60. Dawa yake ni kutoziacha zizime kabisa. Tukaziacha na wekundu hafifu, matumizi yakapanda kupita 100, pawabanki ikakaa macho. Na ule wekundu chini ya shanga, wimbo ukiwa wa sauti tupu, ulikuwa kama makaa yaliyofunikwa majivu. Bega likitikisika, yanapulizwa. Mama mkubwa alipoona alisema, "Hiyo siyo bajaji." Nikafuta ile chaki mezani.

Ushonaji wa juu nitaupitia haraka. Taa ikionekana nukta moja moja inaumiza macho, kwa hiyo juu ya mkanda niliweka tabaka mbili za chandarua cheupe, kisha shanga za kioo kisicho na rangi, ambazo zinausambaza mwanga vizuri kuliko za plastiki. Mkanda umeshonwa kwenye kanvasi inayobanwa ndani ya bitana kwa vifungo vya kubonyeza. Unabandua, unafua kola, unarudisha. Nawashangaa wanaoshona taa moja kwa moja kwenye nguo. Hawajawahi kuinusa nguo ya mpiga ngoma baada ya onyesho.

Usiku wenyewe ulikuwa wa baridi na vumbi. Walipoingia na kuamkia "Mbukwenyi!", kola sita zilikuwa na wekundu wake tu, na watu wa nyuma nadhani hawakuona kitu. Ngoma ya kwanza ilipolia, mabega yakawaka. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na mkasi, mkanda wa gundi na pawabanki mbili za akiba, sikufurahia hata dakika moja. Nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Ya sita, ya binti wa mwisho, ilibaki kwenye makaa mwanzo hadi mwisho. Yeye hakujua, akapiga kama wenzake. Jamaa mmoja aliniuliza baadaye yule wa pembeni tulimpangia maana gani. Nilimwambia aulize kikundi.

Wakati wa kurudi, njia ya kwenda kwenye gari haikuwa na taa na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Mama mkubwa alikuwa bado hajavua. Akatangulia, akatikisa bega la kulia, tukaona shimo. Akatikisa tena, tukaona jiwe. Tulifika hivyo, wote tukicheka, yeye mbele.

Asubuhi niliifungua ile kola ya sita. Waya wa kutoka kwenye kihisi ulikuwa umekatika milimita chache baada ya lehemu, mahali pekee ambapo waya wa chaja uliniishia nikaweka ule mgumu, saa nane usiku, nikijiambia hapa hapachezi.