Lile kovu la kikombe

Jioni hii ni ya shairi moja. Moja tu. Mashairi ya kumbukumbu na msiba hayasomwi kwa mkupuo. Ukisoma matano mfululizo, la tano litalia kwa machozi ya la kwanza, nawe hutajua tena ni lipi lililokugusa. Beti nne za tarbia, yaani za mishororo minne minne, zinatosha nusu saa nzima, na mara nyingi nusu saa huisha ungali kwenye ubeti wa pili.

Kinachowakwamisha wengi ni lile swali la darasani: mshairi anatoa ujumbe gani? Ukiliuliza shairi la aliyefiwa swali hilo, litakujibu kwamba kifo kinauma, na hilo ulilijua kabla hujafungua kitabu. Swali lenye faida ni jingine: humu ndani mna vitu gani? Basi mara ya kwanza nasoma kwa sauti toka mwanzo hadi mwisho, hata neno gumu likinipita. Mara ya pili nashika penseli na kupigia mstari vitu vya kushikika peke yake: ufunguo, kandambili, shuka iliyokunjwa. "Moyo", "majonzi" na "machozi" nayaruka kwa makusudi. Maneno hayo hutangaza huzuni. Vitu ndivyo vinavyoibeba.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilijua hili vizuri. Katika utenzi wake Al-Inkishafi, anapoyatazama majumba ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya, yaliyobaki mahame, anatuonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa ya kupangia sahani, na sasa wamelala humo makinda ya ndege. Anatusikilizisha ngende, wale nyenje wa usiku, wakilia kumbini. Daka lilichongwa kwa ajili ya sahani. Kinda la ndege ndani yake linatuambia juu ya wenye nyumba mengi kuliko ubeti mzima wa kilio.

Tazama sasa mishororo hii miwili, niliyoitunga kwa ajili ya mfano:

Kikombe chake mezani, bado kina lile kovu,
Hukiosha na sahani, hakikosi lake povu.

Kila mshororo una mizani 16, yaani silabi 16: nane kwenye ukwapi, kipande cha kwanza, na nane kwenye utao, kipande cha pili. Vina, silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande, ni -ni na -vu. Pumua kidogo baada ya "mezani". Usipopumua, "bado" linapita kama neno la kujazia, kumbe ndilo linalosema kwamba mwenye kikombe hayupo.

Sasa vipande vidogo vya maneno, yaani viambishi. "Chake" ni cha nani? Hatuambiwi. "Lile kovu" ni kovu gani? Kwa -le, mshairi anazungumza na mtu anayelijua tayari, aliyekuwapo kikombe kilipobanduka ukingoni, na msomaji anajikuta ameingizwa katika familia ile bila kubisha hodi. Halafu "hukiosha". Hu- haina nafsi: huenda ni mjane, huenda ni mtoto, huenda ni nyumba nzima kwa zamu. Inasema tu kwamba jambo hili hufanyika, kila siku, pamoja na vyombo vingine. Kikombe kisichonywewa kinaoshwa. Hapo ndipo penye msiba.

Utajuaje kwamba hu- imechaguliwa, haikuletwa na mizani? Badilisha, kisha uhesabu. "Nakiosha na sahani" nayo ina mizani nane. Njia ilikuwa wazi, lakini ukiipita huzuni inakuwa ya mtu mmoja, na ni ya leo tu. "Walikiosha na sahani" ina tisa, kwa hiyo isingeingia. Zoezi hili la kubadilisha silabi moja na kuhesabu kwa vidole huchukua dakika mbili, nami sijaona jingine linalofungua shairi upesi kama hili.

Lifanye pia kwa -me- na -li-. "Ameondoka" huacha mlango wazi, maana kuondoka kwake kungali kunaonekana hapa tulipo. "Aliondoka" huufunga. Shairi la kumbukumbu mara nyingi huanza na moja na kuishia na nyingine, na pale zinapobadilishana ndipo mahali pa kukaa. Weka alama pembeni. Ukiona ubeti wa tatu umehama kutoka -me- kwenda -li- na hakuna tukio lolote lililosimuliwa, basi tukio ndilo hilo: mtu amekubali.

Tahadhari moja. Si kila umbo la ajabu lina siri. "Alokwenda" badala ya "aliyekwenda" ni inkisari, imepunguza silabi ili mizani itoshe. Mazida nayo hurefusha neno kwa haja hiyohiyo. Hesabu kwanza, ndipo utafute maana. Nimesoma chambuzi ndefu juu ya "mkato wa pumzi ya mfiwa" mahali ambapo mshairi alikuwa anaondoa silabi moja tu iliyozidi. Katika shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, udhuru huo haupo. Hapo tazama mshororo umekatwa wapi, hasa unapoachia njiani kwenye kiunganishi au kitenzi kisicho na yambwa, yaani kisichotaja kinachotendwa.

Kosa linalouma zaidi ni la wenye majonzi wenyewe. Aliyefiwa karibuni huliona shairi lote ni lake: kikombe kinageuka kuwa kofia ya baba yake, na kufikia ubeti wa pili haoni tena kilichoandikwa. Simlaumu hata kidogo. Ila ninachomwomba ni kuandika kofia ile kwenye karatasi ya pembeni, mstari mmoja, kisha arudi kwenye kikombe. Vyote viwili vina haki ya kuangaliwa.

Mara ya tatu nasoma tena kwa sauti, kesho yake, kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, nikikisoma polepole kuliko mishororo mingine. Chini ya ubeti wa mwisho naandika tarehe kwa penseli na neno moja, lile ambalo macho yamegoma kuliacha. Shairi likirudiwa baada ya miezi, neno huwa jingine. Pembeni mwa tarehe ya kwanza pameandikwa "kovu". Jioni hii naandika "povu".