Nilivyozungusha daftari la baba kwenye meza za wachoraji wa katuni

Siku ya kwanza kukutana ana kwa ana na mchoraji wa katuni, nilimharibia kazi ya shilingi 60,000.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, hapa Kampala, kwenye maonyesho ya katuni yaliyofanyika katika ukumbi mmoja upande wa Lugogo. Nilikuwa nimebeba daftari. Acha nilieleze kwanza, maana bila hilo nisingekuwa na sababu ya kukanyaga pale. Wenzangu wote walikuwa vijana wa miaka kumi na minane, wamejipamba kama wahusika wa katuni, wamevaa mawigi ya zambarau na kushika mapanga ya maboksi. Mimi nina mvi.

Baba yangu alikuwa ajenti wa forodha Busia, upande wa Uganda. Kazi ya ajenti ni kusubiri: usubiri lori, usubiri muhuri, usubiri ofisa arudi kula. Baba alisubiri akisoma magazeti ya pande zote mbili za mpaka. Kutoka Kenya alipata Taifa Leo, na humo ndimo alimokuwa Juha Kalulu, mhusika wa katuni za Edward Gitau. Mimi Kiswahili nilifundishwa na Juha Kalulu kabla sijafundishwa na mwalimu yeyote, na pengine inaonekana. Kutoka Kampala ilikuja New Vision, iliyoanza mwaka 1986, kisha Monitor mwaka 1992. Mwaka huohuo mchoraji Gado alipoingia gazeti la Nation la Kenya, baba alitangaza kwamba huyo kijana wa Dar es Salaam hatamaliza miezi sita. Baba hukosea mara nyingi, na hukosea kwa sauti kubwa.

Katuni zilizompendeza alizikata na kuzibandika kwenye daftari la mistari kwa uji wa muhogo. Uji wa muhogo hushika vizuri, ila mende nao wanaupenda, kwa hiyo kurasa nyingi zimeliwa pembeni. Alipoacha kazi alinipa daftari hilo kama mtu anavyogawa shamba. Nikajiambia nitawatafuta wachoraji walio hai, kila mmoja aweke saini kando ya katuni yake, kisha nilirudishe Busia baba alione macho yake yakiwa bado yanaona.

Basi, Jumamosi ile. Meza ya kwanza niliyoifikia ilikuwa ya binti wa Kikongo. Hayumo kwenye daftari, maana daftari lenyewe linamzidi umri. Nilitaka tu kumwuliza wazee wa magazeti wamekaa upande gani. Alikuwa ameinama anachora, hakuniona. Nikasema nimrahisishie: nikalifungua daftari na kulilaza mezani mbele yake ili aone ninachouliza.

Nilililaza juu ya mchoro. Baba mmoja alikuwa ameagiza achorwe na mwanawe wakiruka juu ya Mto Nile kama mashujaa, wamevaa majoho meusi. Weusi mzito namna ile hupakwa kwa brashi, na kwenye karatasi nene wino huo huchukua dakika kadhaa kukauka, seuze siku ya mvua. Nilipoliinua daftari, nusu ya joho ilikuja na jalada na nusu ilikuwa imetandaa juu ya uso wa mtoto.

"Toa kitabu yako! Wino haiyakauka!"

Ukumbi uligeuka. Mtoto aliyechorwa alikuwa amesimama palepale na baba yake, akaona uso wake ulivyofanywa, akaanza kulia. Nilisema pole mara nyingi hadi neno lenyewe likakosa maana. Binti hakunijibu. Mteja alirudishiwa pesa akaondoka, kisha nikasikia ile ndiyo ilikuwa karatasi nene ya mwisho aliyokuwa nayo.

Nikapanda boda hadi Nasser Road. Ukiwa Kampala na unatafuta karatasi, huna haja ya kuuliza mara mbili, mtaa mzima ni mashine za kuchapa. Muuzaji aliposikia nataka ya gramu 300 aliniuliza, "Ni kadi za harusi au za kampeni?" Nikamwambia ni za msamaha. Nilirudi na karatasi kumi na shilingi 60,000 taslimu. Binti alizihesabu noti, akazitia kwenye kopo, akapokea karatasi, akainama tena. Hatukusemezana. Nilikula rolex moja, ile chapati ya kuviringishia mayai, nje ya geti, nikarudi nyumbani Kireka na daftari lenye doa jeusi kwenye jalada. Siku hiyo sikumwonyesha mtu mwingine ukurasa hata mmoja.

Mwaka uliofuata nilikata tiketi ya basi la usiku kwenda Nairobi, kwa sababu mchoraji mmoja ambaye katuni zake tatu zimo katika daftari alikuwa atoe saini kwenye maonyesho ya huko. Tulivuka mpaka wa Busia usiku wa manane. Nilipita mita chache kutoka kwa wazazi wangu nisishuke hata kuwasalimu. Mama alipojua alininunia hadi Krismasi.

Foleni ilinichukua karibu saa mbili. Safari hii nilikuwa na adabu ya kupindukia, daftari nimelikumbatia kifuani na mikono mbali na meza. Nilipofika mbele, yule bwana bila kuinua macho akasema, "Nasaini ninachouza." Sawa. Nikanunua kitabu chake, akakisaini. Nikamwomba atupie jicho ukurasa mmoja tu, hata saini asiweke. Akasema, "Anayefuata."

Baadaye mashabiki wenzangu wa pale walinifafanulia kisa cha wachoraji wengine kuwa wagumu. Marekani, ambako maonyesho ya San Diego yapo tangu 1970, kuna kampuni zinazokagua vitabu vya katuni, zinavipa alama hadi 10, kisha zinavifungia ndani ya plastiki ngumu. Kitabu chenye saini ambayo mtu wa kampuni ameishuhudia ikiwekwa hupanda bei. Mtu anapanga foleni na rundo la nakala, anajifanya shabiki, kesho yake ziko sokoni. Ndiyo maana kuna wachoraji wanaotoza saini, na wanaotoza zaidi wakijua kitabu kinaenda kufungiwa. Hilo nalielewa kabisa. Lakini kipande cha gazeti kilichobandikwa kwa uji wa muhogo, kikaliwa na mende, angeninunulia nani? Niliudhika siku ile na bado nimeudhika. Kitabu chake lakini ni kizuri, siwezi kumnyima hilo.

Nilikaribia kuacha. Kilichonirudisha Lugogo mara ya pili ni kwamba nilikuwa na kazi ya kufunga kamera jirani na pale, na kiingilio kilikuwa rahisi kuliko chakula cha mchana. Yule binti wa Kikongo aliniona kabla sijamwona.

"Weye wa daftari! Simama kule mbali!"

Alikuwa anacheka. Nilisimama kule mbali kweli, hatua mbili, nikanunua kwanza stika mbili na kitabu chake kidogo, ndipo nikafungua mdomo. Sikupanga, lakini nadhani ndiko kulikofungua mlango. Wateja walipopungua alinivutia kiti, akaniambia mambo ambayo shabiki hayaoni akiwa upande wa pili wa meza. Meza ile ameilipia. Hadi saa nane mchana huwa anauza ili arudishe pesa ya meza, na baada ya hapo ndipo anaanza kujiuzia mwenyewe. Stika na vishikio vya funguo ndivyo vinavyomlipia nauli, vitabu huuzwa polepole. Anayemchosha zaidi, alisema, si mwenye kuomba bei ipungue. Ni yule anayesimama katikati ya meza nusu saa akimsimulia hadithi atakayoandika siku moja, huku wateja watano wakipita nyuma yake. Mashabiki wa aina hiyo hawana ubaya wowote moyoni, ndiyo maana ni vigumu kuwafukuza.

Alizaliwa Bukavu, akakua akisoma albamu za katuni za Kifaransa na za Barly Baruti, mchoraji wa kwao aliyezaliwa Kisangani. Kwa Wafaransa, akasema, desturi ni tofauti: kule Angoulême, ambako tamasha la katuni lilianza 1974, ukinunua albamu mchoraji hukuchorea picha ndani yake bure, na watu hukaa foleni masaa. "Huku nikifanya vile nitalala njaa, papa." Halafu akanyoosha kalamu kuelekea kona ya nyuma, karibu na vyoo. "Mzee wako wa magazeti anakaa pale. Tangu asubui hajauza kitu."

Pale palikuwa na mzee mwenye kofia ya sufi, mbele yake postikadi kadhaa na chupa ya maji. Meza ya jirani yake ilikuwa na foleni ya wasichana waliotaka kuchorwa kwa mtindo wa Kijapani, na foleni ile ilipita mbele ya meza yake bila kumwona. Nilimwamkia shikamoo kwa Kiswahili kwa mazoea ya Busia. Akaitikia marahaba bila kukwama. Aliishi Nairobi miaka ya Amin, kama Waganda wengi wa rika lake, na Kiswahili alirudi nacho.

Nilinunua postikadi. Nikamwuliza kama amekula, akasema amekula. Nikamwuliza kama naweza kumwonyesha kitu, na kwamba sitakigusisha meza. Akanitazama kama mtu asiye na akili timamu.

"Kiweke tu, kijana. Meza ni ya nini?"

Katuni zake zilikuwa nane. Alipoiona ya kwanza aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alizipitia zote kimya. Nilidhani ameudhika na jinsi baba alivyozikata, maana kwa nyingine mkasi ulipita juu ya saini. Kumbe mwenyewe hana hata moja ya miaka ile. Michoro ya asili ilibaki gazetini, ofisi ilipohama ikatupwa pamoja na makabati. "Mke wangu alikuwa ananiuliza nilikuwa nafanya nini miaka kumi ile. Sina cha kumwonyesha."

Akafika ile ya jembe. Hii ni maarufu nyumbani kwetu. Mheshimiwa mwenye kitambi amesimama juu ya gari anamkabidhi mkulima jembe, na mkulima anasema kwa Kiingereza cha gazeti maneno ambayo kwa Kiswahili ni: "Asante kwa jembe, mheshimiwa." Hayo tu. Baba aliibandika kama kichekesho, lakini alichokicheka ni mchoraji. "Huyu hajui kuchora jembe," alikuwa akiwaambia wageni. "Tazama, amesahau chuma." Na ni kweli. Kwenye picha kuna mti mtupu.

Sikujua nimwambie au ninyamaze. Nikamwambia.

Mzee alicheka hadi wasichana wa foleni wakageuka, kisha akaacha kucheka ghafla. Alikuwa amechora mpini makusudi. Mheshimiwa anagawa mpini bila jembe, na mkulima anashukuru kwa alichopewa: "Asante kwa mpini, mheshimiwa." Mhariri aliogopa, wakati wenyewe ulikuwa wa kampeni, akabadilisha neno moja jioni wakati wa kupanga kurasa bila kumpigia simu. Asubuhi mzee alifungua gazeti akakuta kichekesho kimekufa, na yeye amebaki mtu asiyejua kuchora jembe. Watu walimcheka wiki nzima.

Nilimpa kalamu yangu ya wino wa jeli akaikataa. Karatasi ya gazeti hunywa wino, akasema, herufi zitavimba. Akatafuta kalamu ya risasi mfukoni, akainamisha uso karibu na ukurasa, akakata neno lile kwa mstari mmoja na juu yake akaandika MPINI, kwa Kiswahili.

"Mhariri hayupo. Naandika lugha ninayotaka."

Saini alisahau kuweka, na mimi sikumkumbusha. Aliniuliza kama naweza kumpatia nakala. Jumatatu nilikwenda Nasser Road nikapigisha picha kurasa zake zote, nikampelekea kwake, na ushauri wake wa kutoliacha daftari juani naufuata mpaka leo, maana karatasi ile ina mti mwingi ndani yake na jua huigeuza njano kisha kuivunja.

Pasaka nilipanda taksi kwenda Busia, nikasimama Namawojjolo kuwanunulia wazazi kuku wa kuchoma, wakafika baridi kama kawaida. Baba alikuwa barazani. Nilimfungulia ukurasa, nikamsimulia yote: mheshimiwa, mhariri, miaka ile yote mtu anachekwa. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akalisoma lile neno la kalamu ya risasi polepole, akarudi kwenye picha, akaikazia macho muda mrefu.

"Hata mpini wenyewe," akasema, "ameupinda."