Karabai, kipe na uwanja wa kuanikia: dagaa wa Kigoma enzi zile

Mwamgongo na Kagunga, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ni vijiji vilivyobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kwa miaka mingi ukitaka kufika huko ulipanda boti Kibirizi, ukakaa juu ya magunia pamoja na kuku na madumu ya mafuta, basi. Upande wa kusini watu waliisubiri Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ambayo sehemu nyingi ilisimama majini kwa kuwa hapakuwa na gati, na mitumbwi ikaikimbilia na mizigo. Kambi za dagaa za pande hizo hazikuwa na barafu wala gari la kuwahi soko. Waliovuliwa usiku ilibidi wakauke mchana wa siku hiyo hiyo, la sivyo ni chakula cha kuku. Sifa ya dagaa wa Kigoma ilitokana na shida hiyo.

Kazi ilianza alasiri, kwenye karabai, ile taa ya mafuta ya taa inayopampiwa hewa. Tangi halikujazwa pomoni. Iliachwa nafasi ya hewa juu, maana hewa ndiyo inayosukuma mafuta. Kisha spiriti kidogo kwenye kikombe cha ndani, ikawashwa ili bomba lipate moto. Spiriti ikikaribia kwisha ndipo unafunga skrubu ya hewa na kupampu. Mwenye haraka alipampu mapema: mafuta yakatoka bado ni majimaji, hayajawa mvuke, moto ukalipuka juu, kioo kikawa cheusi. Soksi nayo, kile kitambaa chepesi kinachotoa mwanga, ina adabu zake. Ikishaungua mara ya kwanza inabaki majivu yaliyoshikana, na kuigusa kwa kidole tu kunaibomoa. Soksi yenye tundu hurusha moto upande mmoja na kupasua kioo. Tone la maji ya ziwa kwenye kioo cha moto, kioo hicho kimekwenda. Kwa hiyo hakuna aliyetoka bila soksi na kioo cha akiba vilivyoviringishwa kwenye nguo kavu.

Lita moja ya mafuta ya taa ilikesha kwa muda wa saa nane hivi, mradi mtu wa zamu aipampu taa kila mwanga ukianza kuwa wa manjano. Mafuta yaliyoingia maji yaliifanya taa ikohoe, na taa inayokohoa ni hasara tupu. Wadudu wadogo wa majini huufuata mwanga, dagaa huwafuata wadudu, na mwanga ukiyumba wote wanatawanyika.

Kipe ni mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, nyavu ikining'inia katikati kwa kamba za pembe zake. Inashushwa mita makumi kadhaa, na mawe ya kuilaza sawa. Mawe yakiwa mepesi, mkondo unaipeleka nyavu upande na kuisokota chini ya mtumbwi. Halafu mnasubiri saa kadhaa. Dagaa huzunguka kwanza pembezoni mwa mwanga, kisha duara linabana, na wakijaa maji ya juu yanasikika kama mvua ndogo. Kuvuta lazima kuwe kwa pamoja. Pembe moja ikichelewa nyavu inainama, na dagaa wanamwagika wakati kila mtu anawaona. Balaa nyingine ni migebuka, wanaopanda kuwala dagaa kwenye mwanga ule ule na kuwatawanya dakika chache kabla ya kuvuta. Lakini nani amlalamikie mgebuka? Bei yake ni nzuri.

Mbalamwezi ikikaribia kujaa, karabai haina nguvu. Ziwa zima linang'aa na samaki hawana sababu ya kukusanyika. Ndizo siku za kushona nyavu, kuziba mitumbwi na kudaiana.

Alfajiri kazi inahamia kwa akina mama, na hapo ndipo bei inapoamuliwa. Dagaa ana mafuta mengi. Akirundikwa kwenye beseni hadi saa nne asubuhi, tumbo linapasuka na mafuta yanaanza kuchacha. Wanasafishwa kwa maji ya ziwa, wanamwagwa haraka na kutandazwa tabaka moja, asilale mmoja juu ya mwenzake. Jua likikaza wanageuzwa. Jua likiwa zuri wanakauka siku moja, na kilo tatu na nusu hadi nne za wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Wingu likija juu ya mlima, kila mtu anakimbia kuanua, watoto wa shule wakiwemo. Waliopigwa na mvua wakiwa nusu wakavu hawarudi tena: wanakuwa wa kahawia, vichwa vinakatika, harufu inabadilika.

Walioanikwa kwenye mchanga walikauka vizuri kwa chini, maana mchanga wenyewe unakuwa wa moto, ila mlaji alitafuna mchanga. Chanja za waya au nyavu, zilizoinuliwa kama mita moja kutoka chini, zimemaliza tatizo hilo, na hewa inapita pande zote. Katika hili sina hamu ya zamani hata kidogo.

Karabai zimepisha taa za sola na betri. Hazizimwi na tone la maji, hazili mafuta, na hazina soksi ya kubembeleza. Lakini ziwa limechoka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Kijiji chenye shamba mlimani kinaweza kuvumilia miezi mitatu. Kambi inayonunua hata muhogo ndiyo inayoumia.

Ukinunua leo, chukua mmoja umvunje: mkavu huvunjika kwa sauti, na ngozi yake bado ni ya fedha. Wa manjano au anayepinda bila kuvunjika, mwache. Nyumbani usimloweke; mpitishe kwenye maji ya uvuguvugu na umtoe, vichwa viache palepale. Kaanga kitunguu kwenye mawese yasiyoungua, weka nyanya nyingi hadi ziive, ndipo utie dagaa na maji kidogo, dakika kumi tu. Wakipita hapo wanamomonyoka, na ugali wa muhogo unabaki na mchuzi peke yake.