Dakika za Daktari Sheppard

Likizo ya Desemba mwaka 1993, nikiwa kidato cha tano, nilirudi Tabora na kitabu cha maktaba ya shule kilichopigwa gundi mgongoni: *The Murder of Roger Ackroyd* cha Agatha Christie, kilichotoka mwaka 1926. Babu alikuwa amestaafu reli, macho yana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena. Naye alikuwa mtu wa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla. *Mzimu wa Watu wa Kale* alikuwa akiusimulia kama habari za jirani. Basi kila baada ya chakula cha usiku tuliwasha chemli nikamfasiria, sura baada ya sura.

Anayesimulia ni Daktari Sheppard wa kijiji cha King's Abbot, Uingereza. Tajiri Ackroyd kachomwa jambia shingoni chumbani mwake. Mwanawe wa kambo katoroka, na alama za viatu vyake ziko dirishani. Mtumishi Parker ananyemelea milangoni. Poirot, mpelelezi Mbelgiji aliyestaafu, yuko nyumba ya jirani analima mumunye, jambo lililomfurahisha sana Babu.

Usiku wa nne uvumilivu ulinishinda. Nikakimaliza peke yangu, ndani ya chandarua, kwa tochi. Muuaji ni daktari mwenyewe! Na hakuwa amedanganya, aliruka tu. Barua ililetwa saa tatu kasoro dakika ishirini. Akamwacha tajiri saa tatu kasoro kumi, barua bado haijasomwa, akasita mlangoni akijiuliza kama kuna jambo hajalifanya. Mauaji yalikuwa humo katikati. Sentensi hiyo mimi niliifasiri kwa kinywa changu, nikaipita kama wapita njia wote.

Kesho yake sikutaka kumharibia Babu. Nilijua Babu atamwona daktari kama Najum, rafiki wa Bwana Msa, ambaye kazi yake ni kushangaa na kuuliza.

"Rudia pale daktari anapotoka kwa tajiri," akasema.

"Alitoka saa tatu kasoro kidogo, Babu, akaenda zake."

"Kidogo? Juzi ulisema kasoro kumi. Getini kapita saa ngapi?"

"Saa tatu. Saa ya kanisa ilikuwa inagonga."

"Kutoka mlangoni mpaka getini ni mwendo gani?"

Dakika tano, Poirot mwenyewe anazihesabu. Nikasema sikumbuki.

Babu akacheka mpaka akakohoa. Huyu ni mtu aliyeandika kwenye daftari la stesheni, miaka na miaka, saa ya treni kuingia na saa ya kutoka, na aliyewahi kuandikiwa barua ajieleze kwa dakika sita. "Hapo pana dakika hazina mwenyewe. Ni daktari huyo. Na wewe bibie umeshamaliza kitabu, unamfichia."

Nikakiri. Lakini hakuridhika. Saa tatu na nusu si sauti ya tajiri ilisikika chumbani? Nikamweleza diktafoni, mashine ya kurekodi sauti: daktari ni fundi wa vitu hivyo, akaitega ianze yenyewe kama saa ya kuamshia. Kile kiti kilichovutwa mbele, ambacho Parker alikikuta kimerudishwa mahali pake, kiliizuia mashine isionekane kutoka mlangoni. Kisha ilibidi daktari afike mapema aiondoe, ndiyo maana akapanga apigiwe simu usiku. Nyumbani akadai ni Parker anamwita kwenye maiti. Kumbe mpigaji ni mgonjwa wake, mhudumu wa meli, aliyekuwa anawahi treni ya Liverpool.

Babu aliinuka kwenye kiti. "Kapigia wapi?"

"Stesheni ya King's Abbot. Saa nne na robo."

"Na treni?"

"Saa nne na dakika ishirini na tatu."

Akahesabu kwa vidole, taratibu. Jambia, diktafoni, hata daktari kunywa dawa ya usingizi mwishoni ajiue, vyote vilikuwa vimemtoka.

"Dakika nane kabla ya treni kutoka, abiria bado yuko kwenye simu. Tiketi anakata saa ngapi?"

"Kitabu hakisemi, Babu."

"Hakisemi," akasema, "au umeruka tena?"