Mafuta ya Kunukia na Kusubiri Uchungu

Mimba yangu ilipotimiza wiki 40 bila dalili yoyote ya uchungu, miguu ikiwa imevimba na usingizi umeniruka, nilianza kuyatazama mafuta ya kunukia yatokanayo na mimea kwa tamaa ambayo mwanamke aliyewahi kupitisha siku zake ataielewa. Mafuta ya klari seji (mmea unaoitwa clary sage kwa Kiingereza) ndiyo yanayosifiwa zaidi kwamba huamsha uchungu, lakini ushahidi wa kitaalamu wa kuthibitisha hilo ni haba mno. Mkunga wangu alinieleza waziwazi kwamba yasitumike kabla ya wiki 37, yasinywewe kamwe, wala yasipakwe mwilini bila kuchanganywa na mafuta ya kawaida.

Kwa ruhusa yake nilichagua lavenda badala yake: matone 2 tu katika mililita 10 za mafuta ya nazi, ambayo mume wangu aliyapasha moto viganjani kisha akanikanda kiunoni taratibu, dirisha likiwa wazi. Uchungu haukuja usiku ule. Kilichokuja ni usingizi wa saa 5 mfululizo, na kwangu hiyo ilikuwa neema kubwa.

Ndugu yangu unayesubiri, ukiwa uliwahi kujifungua kwa upasuaji, au una shinikizo la damu au kifafa, usiyaguse kabla ya kuuliza. Na mtoto akipunguza kucheza, chupa ya uzazi ikipasuka au ukiona damu, achana na mafuta, nenda hospitali saa hiyo hiyo.