Siku moja maishani mwangu: mpiga mbizi wa Nungwi katika maji ya Orkney

Saa 11 alfajiri. Jua limeshachomoza. Mwezi wa sita hapa Stromness, bandari ndogo ya visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti, usiku hauingii giza kamili. Isha na alfajiri zinakaribiana mno, nasali kwa kufuata ratiba niliyobandika ukutani. Kwetu ni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na huu ni msimu wangu wa nne kwenye boti ya wapiga mbizi. Kazi ni ileile ya nyumbani, ila bahari hii ina masharti yake.

Saa 1 asubuhi. Najaza mitungi naitroksi, hewa iliyoongezwa oksijeni, na kupima kila mmoja. Kisha suti kavu, isiyoingiza maji: napaka nta kwenye zipu, nakagua mpira wa shingo na wa mikono. Unguja maji yana nyuzijoto 27 na unaweza kuzama na fulana. Hapa leo ni nyuzijoto 10, na tundu dogo kama la sindano linatosha kukuharibia mbizi nzima. Kwa hiyo sikubali mgeni anayeharakisha kuvaa, hata awe na uzoefu wa miaka 30.

Saa 2 na nusu. Boti inaingia Scapa Flow, ghuba iliyozungukwa na visiwa, nami nawaeleza wageni wanachokwenda kuona. Kuanzia Novemba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, manowari 74 za Ujerumani zililetwa hapa kuzuiliwa wakati mkataba wa amani ukijadiliwa. Tarehe 21 Juni 1919 kikosi cha Waingereza kilitoka kwenda mazoezini, na Admirali Ludwig von Reuter akaamuru mabaharia wake wafungue vali za maji, wazizamishe wenyewe zisichukuliwe na Waingereza. Meli 52 zikazama. Watoto wa shule wa Stromness walikuwa kwenye boti Flying Kestrel siku hiyo, matembezini, wakayaona yote. Meli nyingi ziliibuliwa baadaye zikauzwa vyuma, hasa na Ernest Cox, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, kuanzia 1924. Saba bado ziko chini. Tangu 2001 zinalindwa kisheria, na mimi huongeza la kwangu: hata kipande cha kigae mtu asipande nacho botini.

Saa 3 na nusu. Kronprinz Wilhelm, moja ya zile saba. Nakamata kamba ya boya na kushuka taratibu. Kwanza midomo, sehemu pekee iliyobaki wazi, inauma, kisha inakufa ganzi. Maji ni ya kijani, rangi inakoza kadiri unavyoshuka, halafu ukuta wa chuma unatokea ghafla mbele ya uso. Meli hii ya zaidi ya tani 25,000 imelala kifudifudi, kwa kuwa uzito wa mizinga na vyuma vya juu uliipindua ikizama. Mgongo umejaa anemoni nyeupe na matumbawe laini yenye umbo la vidole. Nawaongoza hadi karibu na mchanga, mita 35 na ushei, namulika chini ya ubavu: mzinga wa milimita 305, bado umenyooka. Hapo ndipo kila mgeni husimama. Kwetu, penye mwanga na samaki wa rangi, jicho linarukaruka. Hapa unaona kile tu kilichomo ndani ya duara la tochi yako, basi unakiangalia kwelikweli.

Saa 6 mchana. Mapumziko Lyness, kisiwani Hoy. Supu ya moto, kisha naenda makaburini. Wamelala Waingereza, na pia Wajerumani waliopigwa risasi na Waingereza meli zilipozamishwa 1919, tisa kwa jumla, akiwemo Walter Schumann, nahodha wa manowari Markgraf. Kila nikifika hapa nakumbuka kisiwa cha Chapwani, kule kwetu. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus, manowari ya Waingereza, mbele ya mji wa Unguja, na mabaharia wa Pegasus wakazikwa kisiwani hapo. Mjomba alinipeleka kuyaona makaburi yale nikiwa mdogo. Sikujua kwamba siku moja ningekuwa mlinzi wa upande wa pili wa vita hiyohiyo.

Mgeni mmoja ananiuliza kuhusu Royal Oak, manowari ya Waingereza iliyopigwa humuhumu Scapa Flow na nyambizi U-47 Oktoba 1939, wakafa zaidi ya watu 830. Hatuzami pale. Ni kaburi, namwambia, na nashukuru kwamba sheria na moyo wangu vinasema jambo moja.

Saa 9 alasiri. Karlsruhe, nyingine ya zile saba, mita 26. Imelala ubavu na inazidi kubomoka. Sahani ya chuma niliyoizoea msimu uliopita imeanguka. Kamba koche amehamia chini yake.

Saa 12 jioni. Suti zimetundikwa, napiga simu nyumbani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Maji yamekuwaje leo?”

“Kumi.”

“Subhanallah. Umekula kitu cha moto?”

“Nimekula, mama.”

Saa 4 usiku. Kweupe bado. Kesho tunakwenda Burra Sound, mlango mwembamba wa kuingilia ghuba, kwenye meli kuukuu zilizozamishwa makusudi kufunga njia. Mkondo wa pale ni mkali, unazama maji yakisimama tu, na hayasimami kwa muda mrefu. Nahodha ameandika saa ubaoni. Nimeinakili kiganjani, nimefunga pazia nene, nimelala.