Shazia ya mama na fulana yangu ya kuzuia risasi

Yule aliyeniambia "fulana ni fulana, kaka, vaa tu" bado namdai chakula cha mchana.

Mwaka 2012, waasi wa M23 wakiukaribia mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, nilipata kazi ya kamera huko, na sharti lilikuwa kila mtu aje na kinga yake. Nikanunua fulana laini iliyotumika kutoka kwa mzee mmoja mstaafu wa kazi za ulinzi, kwa bei ya pikipiki iliyochoka. Ndani yake tabaka juu ya tabaka za kitambaa cha Kevlar, rangi ya binzari iliyofifia.

Usiku nikataka kuijaribu. Bastola sina, basi nikachukua shazia ya mama, ile ya kushonea magunia ya mkaa, nikaitandaza fulana juu ya mto, nikasukuma. Ikazama yote. Mama akachungulia: "Mwanangu, umeuziwa gunia."

Asubuhi nilimrudia mzee nimefura. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akakohoa. "Umeitoboa mwenyewe, halafu unakuja kunidai?" Kumbe risasi ya bastola ikigonga zile nyuzi hunaswa kama mpira kwenye wavu wa goli, inabonyea ikawa kama uyoga, nguvu zake zikasambaa. Shazia haibonyei, inajipenyeza kati ya nyuzi. Kisu nacho vivyo hivyo.

"Na AK je?" Mzee akageuza lebo ya ndani, panapoandikwa kiwango cha kinga: IIIA. Maana yake bastola tu. Risasi ya AK hutoka kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na kule nilikokuwa naenda bastola ni pambo la makamanda. (Siku hizi Wamarekani, wenye viwango hivyo, wamebadilisha majina, HG kwa bastola na RF kwa bunduki, kwa hiyo soma lebo vizuri.)

Ikabidi nitafute mabamba magumu ya kiwango cha IV, ya kuzuia risasi za bunduki, ya kauri. Kauri ni ngumu mno, inakivunjavunja kiini cha risasi, na tabaka la nyuma linadaka vipande. Ya chuma ni ya bei rahisi lakini risasi hupasukia juu yake na vipande vikakurukia kidevuni. Ya plastiki iliyoshindiliwa ni mepesi hata huelea majini, ila baadhi hupenywa na risasi yenye ncha ya chuma.

Nilipoyavaa mara ya kwanza yakaning'inia tumboni kama aproni. Mzee akauliza, "Unalinda ugali?" Ukingo wa juu ufike kwenye kishimo cha koo, maana moyo uko juu kuliko unavyodhani. Na usifikiri hutaumia: kwenye majaribio huwekwa udongo nyuma ya fulana badala ya mwili, na fulana inafaulu hata udongo huo ukibonyea milimita 44. Huo ni ubavu wako.

Nikawa napanda nayo ngazi za ghorofa kila jioni nizoee uzito, na hapo ndipo nilipoliangusha bamba moja. Kwa macho, hata mkwaruzo hakuna. Lakini kauri hupasuka kimyakimya, basi nikambembeleza rafiki anayepiga eksirei, tukaliweka kitandani kama mgonjwa. Ufa huo, unapinda kama Mto Tana kwenye ramani! Nikakopa pesa, nikanunua jingine.

Lile la ufa mama analo mpaka leo. Linazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo.